Siku Kumi za Kuinamia Vigae

Katika mji mzima wa Nabeul, kuanzia soko la vyungu hadi baharini, hakuna mwanamke aliyewahi kuinamisha uso kwa muda mrefu kama mimi. Miaka hamsini na mbili nimeinamia sinia la mbao nikisokota kuskusi ya kutosha mwaka, na shingo yangu haikuwahi kulalamika. Hayo ndiyo niliyomwambia daktari. Ukweli ni kwamba aliyekuwa akisokota ni dada yangu Monjia. Kazi yangu mimi ilikuwa kunyunyiza maji na kuleta habari za mtaa, na shingo nilikuwa naigeuza kila mlango ulipolia nijue nani kaingia.

"Vizuri," daktari akaniambia. "Basi siku kumi hazitakushinda, mama."

Hapo nikajuta kujigamba.

Daktari huyo anaitwa Sihem, mwanamke mwembamba mwenye mikono ya baridi, na jana yake alikuwa amenipasua jicho la kulia kule Tunis. Alinieleza taratibu, nami nikashukuru, maana shule niliishia darasa la tano. Nyuma ya jicho, alisema, kuna utando mwembamba, na huo ndio unaoona. Wangu ulikuwa umebanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Ameurudisha mahali pake, ameuchoma kwa mwanga kuzunguka mahali ulipotoboka, halafu amelijaza jicho kiputo cha gesi. Gesi haijui lolote ila kupanda juu. Nikiinamisha uso, nyuma ya jicho ndiyo inakuwa juu, na kiputo kinaukandamiza utando mpaka ushike. Nikilala chali kinakuja mbele, na utando unabaki hauna wa kuushika.

"Ukibanduka tena?" nikauliza.

"Tutajaribu tena. Ila kila tukirudia, matumaini yanapungua."

"Mimi nina hili tu, Daktari."

"Najua, mama. Ndiyo maana nakwambia siku kumi."

Jicho la kushoto lilikufa miaka sita iliyopita, mwezi kama huu wa Aprili. Nilianza kuona pazia jeusi likishuka kutoka pembeni, na siku hizo nyumba ilikuwa imejaa maua ya mdanzi, magunia kwa magunia. Maua hayo hayangoji. Yakilala siku mbili yananyauka na marashi yake hayafai. Na sisi watu wa Nabeul kila kitu tunakitibu kwa marashi ya mdanzi. Jua limekupiga, unamwagiwa kichwani. Moyo unakwenda mbio, matone kwenye kahawa. Mtoto halali, matone kwenye maziwa. Macho yanawasha, matone machoni. Monjia akanitia asubuhi na jioni kwa wiki mbili, na mimi nikakubali kwa sababu na mimi niliamini. Pazia likashuka hadi chini kabisa. Tulipofika hospitali wakatuambia tungekuja wiki ya kwanza. Tangu siku hiyo dada yangu na mimi hatukulitaja jambo hilo, ila kila mwaka yeye alikeneka, kwa mvuke wa maua kwenye mtambo wake wa shaba, marashi mengi kuliko mwaka uliopita.

Masharti ya Daktari Sihem yalikuwa haya. Katika kila saa, dakika hamsini uso uwe chini. Kumi zilizobaki ni za kula na kwenda chooni. Kulala pia uso chini. Nisipande ndege wala mlima, kwa sababu gesi huvimba kule juu na kulipasua jicho. Sijawahi kupanda ndege maishani mwangu, na siku hiyo nikatamani. Dawa ni chupa mbili, moja ina kifuniko cheupe na nyingine cha waridi.

"Na hakitaingia kitu kingine humu," daktari akasema. "Si maji, si dawa ya jirani."

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni amekumbatia mkoba wake kama mtu aliyekuja kushitaki.

Binti yangu Rim, ambaye ni mwalimu wa hesabu, aliyaandika masharti yote kwenye karatasi kwa mwandiko wake mzuri. Tulipofika nyumbani akayabandika ukutani, juu, mahali ambapo katika nyumba nzima mimi peke yangu nisingeweza kuyasoma.

Monjia alinishonea kata. Si kata ya kubebea mtungi. Hii ilikuwa pana kama mdomo wa pipa, ameijaza sufu, nami nililaza paji la uso na mashavu kwenye ukingo wake huku pua ikining'inia tunduni. Mchana niliketi kwenye kigoda na kata ikawekwa juu ya kimeza kilichotobolewa katikati. Wakati wa kulala ilihamia kitandani, pembeni kabisa, na tundu likatazama sakafu.

"Unafanana na kuku anayetafuta punje," Monjia akasema.

"Na wewe unafanana na nini?"

"Huwezi kuniona, kwa hiyo nafanana na ninachotaka."

Kweli sikumwona. Jicho lilijaa kitu kinachotikisika, kama kuutazama ulimwengu kupitia tako la glasi ya mafuta. Mtu aliyesimama mbele yangu alikuwa rangi tu. Lakini, ajabu, kitu kilichokuwa vidole vitatu kutoka puani nilikiona kwa ukali ambao sikuwa nao hata usichana wangu. Nilikuwa nashuka pale kwenye kigoda napiga magoti, naweka pua karibu na sakafu, ili tu nithibitishe kwamba bado naona. Vigae vyetu ni vya kijani na manjano, vya tangu enzi za babu. Kimoja kina ufa uliopita katikati ya ua. Kimoja kina tone la chokaa. Siafu mmoja alipita amebeba punje ya kuskusi nikamwona hadi magoti yake.

Katikati ya kila nilichokitazama lilikaa duara lenye ukingo mweusi, likitetemeka nikipumua. Hicho ndicho kiputo. Nilikiogopa kama unavyomwogopa mgeni aliyeshika funguo za nyumba yako.

Hofu ya mtu aliyeinama si sawa na ya mtu aliyesimama. Aliyesimama anaweza kukimbia, au angalau kutazama kwingine. Mimi nilikuwa na vigae sitini na viwili na shingo inayowaka moto. Kila nilipoamka, kabla hata ya kusema bismillahi vizuri, nilipitisha kidole pembeni mwa jicho, kushoto, kulia, juu, chini, nikilitafuta lile pazia. Likiwa halipo naanza kuogopa la kesho. Nilisali, na sijda zangu zilikuwa ndefu kuliko za mtu yeyote mtaani. Nadhani malaika wa bega la kulia alimuuliza mwenzake huyu bibi ameua nani.

Siku ya pili alikuja Mama Lazhar wa nyumba ya tatu, na furushi la sukari na maziwa. Kwetu mgonjwa humpokea mgeni kwa uso. Hata kama anakufa atainuka, atabusiwa mashavu, atauliza habari za watoto mmoja mmoja, halafu ndiyo ataendelea kufa.

"Mama Rim, inua uso kidogo nikubusu. Nimetoka mbali."

"Umetoka nyumba ya tatu."

"Kwa magoti yangu ni mbali."

Aibu ya kumpa mgeni kisogo ilinishika vibaya, na nilihisi shingo yenyewe ikianza kuinuka. Monjia akaniwekea kiganja kisogoni akanirudisha kama unga kwenye gunia.

"Akiinua anapofuka," akamwambia Mama Lazhar. "Utataka kwenda nalo hilo mbele ya Mungu?"

Nikasikia magoti ya Mama Lazhar yakilia kama kuni kavu, kisha kitu kikubwa kikaburuzika sakafuni, na uso wake ukatokea chini ya wangu, vidole vitatu, umelala chali. Nikauona wote kwa ukali wa ajabu, na meno mawili ya dhahabu na unywele wa kidevuni.

"Unanionaje?" akauliza.

"Umezeeka."

"Na wewe kamasi linakudondoka."

Tulicheka mpaka kata ikatikisika. Kisha akapunguza sauti, kama watu wanavyofanya wanapotaka kukupa habari ambayo hukuiomba.

"Shemeji yangu wa Kelibia alifanyiwa hivi hivi. Hewa jichoni, uso chini. Siku ya saba akageuka usingizini."

"Ikawaje?"

"Alipoamka akauliza kwa nini hawajafungua madirisha."

"Yalikuwa wazi?"

"Yalikuwa wazi, mwenzangu. Na jua limejaa chumbani."

Watu wawili walihitajika kumtoa chini ya meza. Sukari yake ilikuwa nzuri, lakini tangu alipoondoka usingizi ukawa adui yangu. Nilikuwa nikisinzia nashtuka, nikisinzia nashtuka. Niliona mwili wangu kama mtu mwingine aliyelala nami, mtu mjinga ambaye wakati wowote anaweza kujigeuza na kunitoa jicho bila hata kujua. Nikamwomba Monjia anishonee malimau mawili mgongoni mwa gauni, katikati ya mabega, nikijaribu kulala chali yanichome niamke. Akayashona. Dada yangu akishona kitu kimeshonwa. Ana mapazia ya mama yetu ambayo kitambaa kimekwisha na mshono bado upo.

Siku ya tatu alikuja akasimama karibu yangu. Nilijua ni yeye kwa ule mkokoto wa kandambili. Mtambo wake wa shaba ulikuwa umeanza kazi uani, na nyumba nzima, nguo, mkate, hata maji ya kunywa, ilinuka maua.

"Duja."

"Naam, Dada."

"Matone mawili tu. Si ya kutibu. Ya kuliburudisha."

"Daktari amesema hapana."

"Daktari amezaliwa juzi. Marashi yana miaka elfu."

"Hapana, Dada."

"Ile dawa ya kifuniko cheupe inakuchoma, nakuona unavyokunja miguu. Haya yangekutuliza. Hakuna mtu angejua."

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nikasema kitu ambacho tulikuwa tumekizunguka miaka sita kama watu wanavyozunguka kisima kilichofunikwa kwa mbao mbovu.

"La kushoto tulilitia."

Kandambili hazikusogea. Nilingoja anitukane, na ningefurahi kutukanwa. Baada ya muda zikaondoka zikaelekea uani, na nikasikia kuni zikitupwa chini ya mtambo, moja moja, kwa nguvu kuliko kuni zinavyohitaji.

Siku ya tano mchana nilikunywa supu ya shayiri kwa mrija, kwa sababu kijiko hakimfai mtu anayetazama chini, nikahamia kitandani, pua tunduni mwa kata, na usingizi ukanibeba. Ulikuwa usingizi wa deni la siku tatu. Sikuota chochote.

Nilipofumbua jicho sikuona kigae. Niliona weupe. Weupe mtupu usio na ukingo, kama kuwa ndani ya yai. Duara langu halikuwepo. Nilidhani nimekufa, kisha nikahisi jicho linaungua, na nikajua wafu hawaanzi kuungua mapema hivyo. Nikapapasa. Kata haikuwa usoni. Mto ulikuwa chini ya kisogo. Nilikuwa nimelala chali kama maiti ya mtu mwenye adabu.

Sauti ya kupiga kelele niliitafuta sikuipata. Nilijigeuza mwenyewe, nikaanguka nusu ya mwili nje ya kitanda, nikaibana pua sakafuni. Kigae. Kijani. Manjano. Kilikuwa kinaogelea ndani ya machozi, lakini kilikuwepo.

"Dada."

"Nipo," Monjia akasema, na alikuwa karibu mno.

"Nimelala chali."

"Nimeona. Umegeuka mwenyewe, nimekukuta hivi hivi."

"Kwa muda gani?"

"Nitajuaje? Nilikuwa kwenye mtambo."

"Na malimau?"

"Uzi umekatika. Haya hapa, mezani."

Mtu mwenye akili zake angeuliza uzi wa Monjia ulianza lini kukatika. Hofu haina muda wa kukagua mishono. Mimi nilikuwa nawaza Kelibia na madirisha yaliyo wazi. Nilipitisha kidole pembeni mwa jicho, kushoto, kulia, na kila upande nilipopitisha niliona kivuli, na sikuweza kujua kama ni pazia au ni woga wenyewe.

"Tusimwambie Rim," nikasema.

"Tusimwambie," Monjia akakubali upesi.

Nieleze kwa nini nilisema hivyo, maana nimejiuliza mara nyingi. Aibu ilikuwepo, baada ya kujigamba kwangu kote kwa daktari. Lakini haikuwa aibu tu. Rim akijua angenipeleka Tunis jioni ile ile, na daktari angetazama. Na mpaka mtu atazame, jicho langu lilikuwa bado halijafa. Nilitaka siku tano zaidi za kutojua. Watu husema ni ujinga, na ni ujinga kweli, lakini kila ninayemsimulia ananiambia kimya kimya kwamba naye ana barua mahali ambayo hajaifungua.

Rim aliporudi kutoka shule alikuta wazee wawili wenye adabu isiyo ya kawaida.

"Vipi huku?"

"Salama," tukasema kwa pamoja.

Akajipenyeza chini ya meza na tochi ndogo, maana naye alikuwa ameshazoea kunisalimia kutoka chini.

"Mama, jicho limekuwa jekundu."

"Nimelia."

"Kwa nini umelia?"

"Muulize mama yako mkubwa ametia pilipili kiasi gani kwenye supu."

"Supu ilikuwa sawa," Monjia akasema kutoka jikoni. "Mdomo wake ndio una matatizo."

Siku zilizofuata jicho liliwasha na kuuma, na kila asubuhi kope zilikuwa zimegandana. Duara la kiputo lilikuwa linapungua, kama daktari alivyosema, lakini lilivyopungua ndivyo nilivyoogopa kitakachobaki likiondoka. Nilianza kujifunza upofu kwa siri. Katika zile dakika kumi za ruhusa nilifumba jicho nikahesabu hatua: kumi na moja hadi chooni, kumi na tisa hadi jikoni, na kizingiti ambacho lazima ukumbuke. Nilijifunza vikombe kwa vishikio. Nilijifunza mahali pa chumvi na mahali pa soda ya kuokea, kwa sababu Monjia ana chupa zinazofanana, na nilionja soda nikajua kwamba upofu utakuwa mrefu.

Jioni moja Rim aliponishika kidevu anitie dawa, nilimshika uso. Nikapitisha vidole kwenye paji, kwenye nyusi zake zinazokutana kama za marehemu baba yake, kwenye kovu dogo la mdomo alilolipata kwa kuanguka ngazini. Nilikuwa naukariri.

"Mama, unatafuta nini?"

"Vumbi la chaki. Umejaa chaki."

"Nilinawa."

"Hukunawa vizuri."

Akanibusu kisogoni, mahali pekee pangu palipokuwa wazi kwa umma.

Monjia naye alikuwa amebadilika. Alinipikia kila nilichotaja, na hata nisichotaja. Aliacha kunitania. Nilipojaribu kumchokoza kwamba mtambo wake unatoa harufu ya soksi, alisema tu, "Labda." Dada yangu kukubali kitu kama hicho kuhusu mtambo wake kulinitisha kuliko jicho. Nilidhani ameshaona jambo usoni mwangu ambalo mimi silioni. Nilidhani ananiaga.

Siku ya kumi Rim alituendesha hadi Tunis. Njia nzima uso wangu ulikuwa magotini, na sikuona mji hata mmoja. Monjia alikaa nyuma nami ameshika kata, na mara tatu nilimsikia akivuta pumzi kama anayetaka kusema, kisha akaitoa.

Daktari Sihem aliniweka kidevu kwenye mashine yake. Mwanga mkali ukaingia. Akasema tazama juu, tazama chini, tazama sikio langu. Halafu akanyamaza.

Ninyi mnaoona kwa macho mawili hamjui ukimya wa daktari anayetazama jicho moja. Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia Rim anavyokunja na kukunjua karatasi yake ya masharti. Nikawaza kwamba hata nikisikia vizuri namna hii, masikio hayataniambia siku Rim atakapoanza kuota mvi.

"Utando umeshika," daktari akasema.

Sikuelewa. Akarudia. "Umeshika, mama. Wote. Hongera."

Nililia hapo hapo kwenye mashine yake, nikamlowanishia chuma chake cha thamani. Nyuma yangu Monjia alikaa chini ghafla, na kiti kikalalamika.

"Ila kuna mambo mawili," daktari akaendelea. "Nyuma ya lenzi naona michirizi, kama manyoya. Hiyo hutokea kiputo kikigusa lenzi kwa muda, mtu akiwa amelala chali. Inaweza kufifia yenyewe. Lakini utando ungeweza kuachia saa ile ile. Mama, ulilala chali?"

"Mimi? Daktari, mimi miaka hamsini na mbili—"

"Mama," Rim akasema.

"Mara moja," nikasema. "Siku ya tano. Niligeuka usingizini. Nilificha."

Rim hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilisikia karatasi ikikunjwa mara moja na haikukunjuliwa.

"Nilimkuta hivyo, Daktari," Monjia akasema. "Alikuwa na malimau mgongoni, yakachomoka. Uzi."

"Na huu wekundu?" daktari akauliza. "Huu si wa upasuaji, na si wa kulia. Kuna kitu kimetiwa humu."

"Dawa zako tu," nikasema. "Kifuniko cheupe na cha waridi."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna. Nikifa sasa hivi, hakuna."

Daktari aliniruhusu niinamishe kichwa tena, nami nikainama kwa mazoea, mikono magotini. Vigae vya hospitali ni vyeupe, havina ua wala ufa. Kiputo kilikuwa kimebaki kidogo, na pembeni yake niliweza sasa kuona viatu vya Monjia vya kutokea, vimebanana kama watoto walioitwa na mwalimu mkuu.

"Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Nabeul," daktari akasema, akiandika kitu. "Nayajua marashi. Ya kwanza, yakiwa safi, hayawezi kufanya wekundu kama huu. Huu ni wa marashi ya mkia. Yale ya mwisho wa mtambo, maua yameshaungua, mtu anaongeza maji ya bomba ili chupa ijae."

"Ya mkia," Monjia akasema.

"Ndiyo, mama. Ya kuoshea ngazi. Huenda jirani fulani ndiye aliyeleta."

"Jirani gani?"

"Yeyote asiyejua kukeneka."

Viatu viliachana. Nikasikia dada yangu anasimama, na nikajua, sijui kwa nini nilichelewa hivyo kujua, nikamsikia akivuta ile pumzi aliyokuwa akiivuta njia nzima.

"Daktari, mimi nakeneka tangu nina miaka tisa. Ya mkia siyamwagi hata kwenye maua ya makaburini. Yale yalikuwa ya chupa ya kwanza ya mwaka huu, nimeyachuja kwa hariri mara tatu, na tone langu ni dogo kuliko la chupa zako. Na nilimgeuza polepole kama mtoto mchanga, nikayafumua malimau moja moja nisije—"

Kalamu ya daktari ilikuwa imesimama.

"Usije ukafanya nini, Dada?" nikamuuliza, uso wangu ukiwa bado chini.